Filta Kwanza, Lenzi Baadaye

Hotuba ya fundi wa projekta kwa walimu, waangalizi wa nyumba za ibada na wenye vibanda vya video, Tororo, mashariki mwa Uganda

Mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, mashekhe, wachungaji, walimu, nanyi wenye vibanda ambao mmewaachia vijana mlango ili mje kunisikiliza, hamjambo? Salaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumekubaliana tuzungumze Kiswahili, maana naona hapa wamo Wajopadhola, Wateso, Wasamia, Wagisu, na kule nyuma ndugu zetu Wasebei walioteremka kutoka Kapchorwa tangu alfajiri. Kila mmoja akidai lugha yake, tutalala hapa.

Niingie kwenye kazi. Mtu akiniletea projekta, siangalii lenzi kwanza. Lenzi karibu kila mara inang'aa. Imefutwa kwa leso, kwa pindo la shati, kwa karatasi ya chooni, nyingine imefutwa mpaka ule utando wa zambarau ulioko juu ya kioo umeanza kubanduka. Naigeuza mashine upande wa pili, nafungua kimlango cha filta, na humo nakuta vumbi limeshikana, halipitishi hata mwanga, sembuse hewa. Tunasafisha tunachokiona. Na projekta haiuawi na uchafu wa lenzi. Inauawa na joto.

Hebu tuingie ndani ya mashine kidogo, ili mjue ninachokisema. Projekta nyingi tulizo nazo hapa, hizi za bei ya wastani na hizi zilizotumika zinazotoka ng'ambo, zinawaka kwa balbu ya zebaki. Aina hii ya balbu ililetwa sokoni na kampuni ya Philips mwaka 1995. Ni kitu kidogo, kinakaa katikati ya kiganja. Lakini ikiwaka, mvuke wa zebaki ulioko ndani unasukuma kwa nguvu inayozidi mara 200 ya hewa hii tunayovuta, na kioo chake kinafika karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Pembeni yake, umbali wa vidole vichache tu, kuna plastiki, kuna gundi, kuna saketi za umeme, kuna paneli nyembamba za kutengeneza picha. Kinachozuia vitu hivyo visiungue ni upepo wa feni, basi. Hakuna maji humo, hakuna friji. Ni hewa inayoingia upande mmoja, inachukua joto, inatokea upande mwingine.

Sasa hewa yenyewe ndiyo hii yetu. Tororo ni mji wa saruji na malori ya Malaba. Kuanzia Desemba hadi Februari, murramu, ule udongo mwekundu wa barabarani, inapanda mpaka kwenye chai. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na projekta yako kiliandikwa na mtu anayemfikiria mwenzake aliye ofisini, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma. Kikikuambia usafishe filta kila baada ya masaa kadhaa, hesabu hiyo si yako. Wewe igawe kwa mbili, na wakati wa kiangazi igawe tena.

Nimeulizwa mara nyingi nitoe ratiba moja ya watu wote. Sitoi, maana hamfanani. Chukueni balbu ya masaa 3,000, ambayo ni ya kawaida sana. Mwenye kibanda anayefungua saa sita mchana na kufunga saa sita usiku anatumia masaa 12 kwa siku. Balbu hiyo itakwisha ndani ya siku 250, yaani miezi minane na kitu. Kanisa linalowasha projekta masaa manne kila Jumapili, kwa hesabu hiyo hiyo, lingekaa na balbu moja zaidi ya miaka 14. Je, kuna kanisa hapa lenye balbu ya miaka 14? Mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnajua projekta ya kanisa hufa kabla ya ile ya kibanda, na haifi kwa kazi. Inafia kabatini. Hao nitawarudia.

Wenye vibanda, nyinyi safisheni filta kila wiki. Chagueni siku ambayo hakuna mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza, msiniambie hakuna siku kama hiyo. Shule, kila mwezi wakati wa muhula, na wiki ya mwisho kabla ya likizo bila kukosa. Ofisi yenye sakafu ya vigae na madirisha ya kioo, miezi miwili au mitatu inatosha.

Namna ya kusafisha haina elimu kubwa. Zima, acha feni zimalize, chomoa waya ukutani, subiri nusu saa. Vuta filta taratibu bila kuikung'uta humo humo, vumbi lisirudi ndani. Itoe nje ya chumba, igeuze upande mchafu uangalie chini, uigongegonge kwa kiganja. Kama una vakyumu, pitisha mdomo wake kwa upole upande ule mchafu. Kama huna, brashi laini ya rangi, mpya, isiyowahi kuona rangi, inafanya kazi nzuri. Filta zile za karatasi zilizokunjwakunjwa usizioshe kwa maji, nyuzi zake zinaharibika na hautaona tofauti mpaka mashine ichemke. Za sponji nyeusi, baadhi zinaoshwa, lakini soma kitabu chake kwanza, na ukiiosha ianike kivulini mpaka ikauke kabisa. Iliyochanika hairudishwi. Nunua nyingine, bei yake haiwezi hata kukaribia ya balbu.

Vumbi kavu, basi, ni rahisi. Taabu ni mafuta. Hapa naomba wenye vibanda wanivumilie. Mlangoni kwako kuna kijana wa roleksi, ile chapati iliyokunjwa na mayai. Namheshimu, mimi mwenyewe ni mteja wake. Lakini sigiri yake iko hatua tatu kutoka kwenye projekta, na kila yai analokaanga linapandisha mvuke wa mafuta unaoingia kwa feni. Mvuke huo ukikutana na vumbi la murramu unakuwa gundi. Hauondoki kwa brashi, hauondoki kwa vakyumu, na ukishaingia kwenye feni unafanya mapanga yake yawe mazito upande mmoja, ndipo mnasikia mashine inaanza kulia. Ubani na udi misikitini, mishumaa kanisani, moshi wa sigara, moshi wa jenereta iliyowekwa chini ya dirisha, yote yanafanya kazi ile ile polepole. Mhamishe kijana wa roleksi upande ambao upepo unatokea nje. Jenereta nayo iende nyuma ya jengo.

Na sasa nifike kwenye mambo mawili ambayo yananiudhi, niseme wazi. La kwanza ni la kuondoa filta. Taa ya TEMP, ile ya onyo la joto, inawaka nyekundu, projekta inajizima katikati ya filamu, vijei, yule anayetafsiri filamu kwa sauti, amefika mahali patamu pa hadithi, watu wanapiga kelele warudishiwe pesa. Mwenye kibanda anafungua, anaona filta imeziba, anaing'oa na kuitupa. Projekta inawaka, haijizimi tena, anajiona fundi. Wiki chache zinapita salama. Halafu vumbi lote lililokuwa linakamatwa pale mlangoni linakwenda kukaa juu ya paneli za picha, juu ya saketi ya balbu, ndani ya feni. Siku atakayoniletea, bei ya matengenezo itapita bei ya projekta nyingine iliyotumika, na mimi nitamwambia hivyo hivyo bila kumficha.

La pili ni kinyume chake, nalo linafanywa na watu waangalifu, ndiyo maana linanisikitisha. Mtu anaogopa vumbi, anachukua soksi ya nailoni au kipande cha neti ya mbu anakivisha juu ya matundu ya hewa, tabaka mbili, wakati mwingine tatu. Anadhani ameongeza ulinzi. Amemfunga mkimbiaji pua kwa kitambaa kizito na kumwambia aongeze mwendo. Feni zile zimepimwa kwa filta moja, ile ya kiwandani. Ukiongeza kizuizi, hewa inapungua na joto linapanda, na taa ya TEMP inaweza kuchelewa kuwaka, paneli zikiwa zimeshaanza kuungua kidogo kidogo.

Kuna wenye projekta za DLP, zinazotengeneza picha kwa vioo vidogo badala ya paneli, ambazo hazina filta kabisa, nawaona mnatabasamu. Msishangilie. Ni kweli sehemu ya picha kwenye nyingi zake imefungwa vizuri zaidi. Lakini feni na saketi zinakula vumbi kama kawaida, na kuna kijicho kidogo kinachosoma mzunguko wa gurudumu la rangi, kile kisahani kinachozunguka kuipa picha rangi. Kijicho hicho kikifunikwa na vumbi, mashine inaweza kukataa kuwaka au kuvuruga rangi, na mtu anakwenda kununua balbu mpya bure.

Swali linalofuata huwa ni hili: kwa nini nisiipeleke kwa fundi wa tairi, aipulize kwa kompresa mara moja? Kwa sababu kompresa ya tairi inatoa maji na mafuta pamoja na upepo. Kwa sababu upepo wake unazungusha feni kwa kasi ambayo haikuumbiwa, beringi zinakufa, na feni ikizungushwa hivyo inageuka kuwa kijenereta kidogo kinachorudisha umeme kwenye saketi. Yale makopo ya upepo yanayouzwa madukani nayo msiyatumie karibu na balbu yenye joto. Mengi yana gesi inayoshika moto, na watengenezaji wa projekta wanaonya juu yake waziwazi. Tumia kipulizio cha mpira cha mkono, kile cha wapiga picha. Kinatosha. Na kama feni inaonekana, ishike kwa kijiti cha mbao isizunguke unapopuliza.

Lenzi, kwa kuwa najua mnaisubiri, nitaimaliza kwa maneno machache. Puliza kwanza kwa mpira, kwa sababu chembe ya mchanga chini ya kitambaa inachora kioo. Kisha brashi laini. Kikibaki kidole cha mtoto, tia tone la dawa ya lenzi kwenye kitambaa cha maikrofaiba, si kwenye lenzi, uanze katikati na kuzunguka kwenda pembeni. Spiriti, petroli, dawa ya kusafishia madirisha, sabuni ya unga, vyote viache. Lenzi nyingi za bei nafuu ni za plastiki, na hata za kioo zina utando unaoyeyuka. Vumbi la kawaida juu ya lenzi halionekani kwenye ukuta kama doa. Linaifanya picha ipauke kidogo tu. Kwa hiyo usiifute kila siku. Unaichosha.

Madoa ndiyo mnayoyaogopa, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mtu akijua kusoma doa anaokoa pesa nyingi. Simama mbele ya ukuta, weka picha nyeusi tupu, kisha nyeupe tupu. Kwenye ile nyeusi, ukiona wingu duara, lisilo na kingo, la kijani au jekundu au la buluu, na ukizungusha lenzi picha ikapoteza ukali, wingu lile linazidi kuonekana vizuri, hilo ni vumbi lililokaa ndani, karibu na paneli. Projekta za LCD zina paneli tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, na rangi ya wingu inakuonyesha paneli gani imekaliwa. Hilo linasafishika, ingawa si kazi ya mezani kwako. Mimi mwenyewe naifanya asubuhi mapema baada ya mvua, chumba kimefungwa, sakafu imepigwa deki ili vumbi lisipae, na sipendi anayepita akifungua mlango.

Ukiona doa kubwa la manjano, au buluu isiyotaka kuondoka, mara nyingi kwenye kona au katikati ya picha, hilo si uchafu. Ni ile filamu nyembamba ya polaraiza iliyo mbele ya paneli, imeungua. Mwanga wa buluu una nguvu zaidi kuliko wenzake, ndiyo maana upande wa buluu huungua kwanza. Hakuna kitambaa kitakachoitoa. Inabadilishwa, au unaishi nayo. Na mara nyingi kilichoiunguza ni ile filta tuliyoianza nayo.

Na ukiona nukta nyeupe, kali, ndogo, zinang'aa hata mahali pa giza, leo tatu, mwezi ujao ishirini, baadaye ukuta mzima umejaa nyota? Hiyo ni DLP, na hizo ni vioo. Mtaalamu mmoja wa Texas Instruments, Larry Hornbeck, alibuni mwaka 1987 chipu yenye vioo vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kinayumba huku na huku kurusha nukta moja ya picha. Projekta ya XGA ina nukta 1,024 kwa 768. Zidisheni wenyewe: vioo 786,432 kwenye chipu ndogo kuliko stempu ya posta. Kioo kikikwama upande wa mwanga, unapata nukta nyeupe. Kikikwama upande mwingine, nukta nyeusi. Joto na uzee ndivyo vinavyovikwamisha. Fundi akikuambia atakusafishia nyota hizo kwa dawa, mwambie aendelee na safari yake. Chipu inabadilishwa nzima, na inalipa tu kama projekta yenyewe bado ina thamani.

Tuje kwa umeme, nanyi mnajua hadithi yake. Laini yetu ni ya volti 240, kwenye karatasi. Umeme ukikatika ghafla, balbu iko kwenye nyuzi zile 900 na feni imesimama. Joto halina pa kwenda, linapanda kwenye plastiki na polaraiza. Mara moja si kitu. Kila jioni kwa mwaka mzima ni kitu kikubwa. UPS ndogo, kile kisanduku chenye betri ya akiba, hii ya 650 VA inayouzwa kwa ajili ya kompyuta, inaweza kuibeba projekta ya wati 300 kwa dakika chache. Usiitumie kumalizia filamu. Umeme ukienda, bonyeza kitufe cha kuzima hapo hapo, acha feni zipoze balbu kwa nguvu ya UPS. Projekta mpya kadhaa zimetengenezwa kuvumilia kuchomolewa papo hapo, kitabu chake kitakuambia, lakini za zamani hazivumilii.

Umeme ukirudi, usikimbilie kuwasha. Mara nyingi unarudi na mpigo wa kwanza mkubwa, kisha unatulia. Chomoa kabisa, kunywa chai, urudi. Balbu iliyo moto nayo inasumbua kuwaka, kwa sababu mvuke ulioko ndani bado umebanana na unahitaji cheche kubwa zaidi kuupenya. Ukiilazimisha mara tano mfululizo unakula maisha yake. Ukitaka balbu idumu, ingia kwenye menyu uweke hali ya eko kila wakati chumba kinaporuhusu giza. Mwanga unapungua kidogo, feni zinatulia, na maisha ya balbu yanaongezeka sana. Nyingine ya masaa 3,000 inafika 5,000 hata zaidi.

Ndugu zangu wa Kapchorwa, hili ni lenu, na pia la mtu yeyote mwenye jamaa Kabale au Kisoro. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ile ya ufukweni Mombasa. Feni ile ile, ikizunguka kwa kasi ile ile, inabeba karibu asilimia 82 tu ya joto ambalo ingebeba pwani. Watengenezaji wanajua hilo, na projekta nyingi zina kipengele cha mwinuko kwenye menyu, kinachoongeza kasi ya feni. Wengi wanashauri kiwashwe kuanzia mita 1,500 hivi. Mtasikia kelele zaidi. Ziacheni. Hapa Tororo, na Mbale pale chini, hatukihitaji.

Niliahidi kuwarudia watu wa kanisa na msikiti. Projekta yenu inalala siku sita, na wageni wanahamia. Sisimizi wanapenda saketi yenye joto la jana. Mende wanafuata gundi. Nyigu wa udongo wanajenga ndani ya tundu la hewa la projekta iliyoning'inizwa darini, tena kwa wiki moja, nanyi mnaiwasha Jumapili tundu limezibwa na udongo mkavu. Kabla ya ibada, mtu mmoja apande ngazi na tochi, aangalie matundu. Dakika moja.

Ile inayowekwa kabatini msiifunge kwenye kavera, mfuko wa plastiki, ikiwa bado na joto. Unyevu unabaki ndani, na majira ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei, kuvu inaota kwenye lenzi, mistari myembamba inayotambaa chini ya kioo, na ikishafika huko ndani haitoki bila kuifungua lenzi. Subirini ipoe, ivisheni mfuko wa kitambaa safi, wekeni na vile vijipaketi vya chembechembe vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, na muiwashe angalau mara moja kila wiki mbili, hata kama hakuna shughuli. Kuiwasha kwa muda mfupi kunakausha unyevu.

Tena mchungaji, kwa heshima: unapotaka picha isionekane wakati wa maombi, usiweke kitabu cha nyimbo mbele ya lenzi, wala kifuniko. Mwanga ule wote unageuka joto pale pale. Kifuniko kinayeyuka, na karatasi inaweza kushika moto mbele ya waumini. Rimoti ina kitufe cha kuzima picha. Tafuta, kipo.

Walimu, mnaibeba kwenye boda boda kutoka darasa la juu kwenda la chini, ikiwa bado moto. Balbu moto haipendi mtikisiko. Malizeni somo dakika kumi mapema. Najua hamtafanya hivyo, lakini nimesema.

Sasa balbu ya kubadilisha. Nunueni ile inayokuja na fremu yake kama mfuko unaruhusu. Ya uchi ni rahisi zaidi, lakini kuipachika sawasawa ndani ya fremu ya zamani ni kazi ya mikono iliyozoea, ikikaa mshazari mwanga unapotea na fremu inaungua. Kioo chake usikiguse kwa vidole. Jasho lako lina mafuta, na pale ulipogusa patapata joto tofauti na kwingine, ndipo kitakapopasukia. Ukishaibadilisha, ingia kwenye menyu urudishe hesabu ya masaa kwenye sifuri, vinginevyo mashine itaendelea kudai balbu mpya. Na kama kifuniko cha balbu hakifungi, usikubali fundi abandike utepe kwenye swichi yake ya usalama ili iwake ikiwa wazi. Mwanga ule una miale inayochoma macho.

Ikipasuka, mtasikia. Ni mlio wa bunduki, watu watalala chini. Tulieni, zimeni umeme ukutani, toeni watoto kwanza, fungueni madirisha, na mkae nje nusu saa au zaidi. Ndani ya balbu hiyo mlikuwa na makumi ya miligramu za zebaki, nazo sasa ziko hewani. Mkirudi, msifagie na msitumie vakyumu, inatawanya. Vaeni glavu, okoteni vipande kwa karatasi nene na kitambaa kibichi, vyote viingie kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko. Wala balbu iliyokufa salama msiitupe kwenye lundo la takataka ambako watoto wanaokota vyuma. Nileteeni mimi, nina boksi lake, na kila zikijaa nazipeleka Kampala kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Kitu cha mwisho ni mpaka wa bisibisi yenu. Filta, kifuniko cha balbu, nje ya mashine, lenzi: hayo ni yenu. Skrubu za kufungua tumbo la mashine si zenu, hata ikiwa imechomolewa. Kwenye saketi ya umeme kuna kapasita zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya waya kutolewa ukutani, na saketi ya kuwashia balbu inarusha cheche ya maelfu ya volti. Si hofu ya kuwatisha mnunue huduma yangu. Wenzangu wawili wana makovu kwenye vidole.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nimemwona. Tuna projekta nne mezani hapa: ya shule, ya msikiti, na mbili za vibanda. Sijazifungua, sijui zina nini. Njooni karibu, wa mbele wakae chini ili wa nyuma waone. Tunaanza na hii ya kibanda cha stendi, maana mwenyewe ameapa mbele yenu kwamba aliisafisha Jumamosi. Mzee, shika mwenyewe. Vuta kimlango upande wako wa kushoto, taratibu, usikikung'ute.